Dawa ya Mkwe

Wahenga walisema hasira hasara, na kwa watu wengi walisema kweli. Kathure hawakumjua. Kathure wa Githongo, mjane wa Bundi, alikuwa mtu wa hasira tangu usichana wake, na majirani walikwisha kuzoea kuisikia sauti yake ikipanda kutoka shambani asubuhi, akigombana na kuku, na kunguru, na mvua iliyokuja kabla ya wakati. Mwaka ule miguu yake ilipomsaliti, wapole wote waliomzunguka walikuwa tayari kumzika polepole, kwa heshima zote. Hasira yake ndiyo iliyokataa.

Shamba lake ni la mteremko. Nyumba iko juu, karibu na barabara, na kahawa inashuka tuta kwa tuta hadi mtoni. Mashina yale waliyapanda yeye na Bundi mwaka walipooana, Kathure akichimba mashimo huku ana mimba ya kwanza, na Bundi alipofariki watu walidhani kahawa itamfuata. Haikumfuata. Kathure aliipogoa, akaipalilia, akaitilia samadi, na kila msimu alichuma mwenyewe na kupandisha gunia mgongoni kwa mkanda wa kichwani, kama mama yake alivyobeba kuni. Alikuwa amepita umri wa miaka sitini na hakuona sababu ya kumwambia mtu kwamba amechoka, kwa kuwa hakuwa amechoka.

Ndipo ikaja Oktoba ile. Kahawa ilikuwa imeiva vizuri, nyekundu tupu, na Kathure alikuwa amechuchumaa tuta la chini akiokota punje zilizodondoka. Alipotaka kuinuka, mapaja yalikataa. Hakuwa ameanguka, wala hakuteguka. Nyama za mapaja ziliuma kwa ndani, kotekote, kama za mtu aliyechapwa viboko jana, na hazikuwa na nguvu hata kidogo. Alishika shina la kahawa akajivuta, shina likainama naye, akajivuta tena. Aliposimama aliyatukana mapaja yake kwa Kimeru safi, tusi ambalo halifai kuandikwa hapa. Hakuogopa. Alikasirika.

Maumivu hayakujali hasira. Yalipanda hadi mabegani, akawa hawezi kuinua sufuria ya githeri kutoka mekoni bila kutumia mikono miwili na kelele. Gunia alilokuwa akilipandisha bila kupumzika sasa liliburutwa. Mwanawe Mutembei, fundi wa ujenzi mwenye nyumba yake ng'ambo ya ua, aliyaona hayo yote. Mutembei alikuwa ameitamani ile ardhi kwa muda mrefu, si kwa kuiuza, bali kwa kupanda avokado. Wanunuzi wa avokado, alisema, huja na lori hadi shambani na kuchuma wenyewe, mtu anakaa kitako. Alichosubiri ni sababu, na sasa sababu ilikuwa ikitembea mbele yake huku imeshika ukuta.

"Mama, kahawa inataka miguu, na miguu yako imeisha," alimwambia siku moja baada ya chakula cha Jumapili. "Wacha ning'oe. Hakuna aibu hapo. Ni uzee tu."

Uzee. Hilo ndilo jina linalopewa kila kitu ambacho watu hawataki kujisumbua kukiuliza. Mzee akiumwa na kichwa ni uzee, akikosa hamu ya chakula ni uzee, na akifa wanasema alikuwa mzee, kana kwamba hilo ndilo jibu. Jirani yake Veronicah alikuja na chupa ya mafuta ya kujichua na mistari ya Biblia kuhusu kupumzika. Kathure alipokea mafuta, akamrudishia Biblia. Alimwambia Mutembei kwamba siku atakayong'oa shina moja la kahawa bila ruhusa yake, amng'oe na yeye pamoja nalo. Mutembei aliondoka bila haraka, kama mtu anayejua kwamba wakati uko upande wake.

Kuna jambo ambalo Mutembei hakulijua. Mama yake alikuwa na presha. Iligunduliwa zahanati mwaka mmoja kabla ya hapo, kichwa kikimgonga na macho yakiona giza, na muuguzi akampa vidonge vinavyoitwa amlodipini, kimoja kila asubuhi. Vilimfaa. Kichwa kilitulia, akarudi shambani kwake, na hakumwambia mtu yeyote nyumbani. Aliwaza hivi: Mutembei akijua nina presha, kesho yake kahawa iko chini. Kwa hiyo alivificha vidonge katika mkebe wa majani ya chai, chini ya pakiti, mahali ambapo mwanamume wa Kimeru hawezi kupekua hata nyumba ikiwaka moto.

Kisha, mwezi Agosti, madaktari wa kujitolea walikuja kanisani kupima watu sukari na mafuta ya damu. Kathure alipima kwa sababu kila mama alipima, akaambiwa kolestro yake iko juu sana. Binti yake Kendi alikuwa amekuja kumtembelea siku hiyo, akalisikia, akaenda kumwambia mumewe. Na mumewe Kendi, Muthomi, ni mfamasia. Ana kemisti yake Kiirua, safi, yenye rafu za kioo, na watu wa huko humwita daktari ingawa yeye mwenyewe hukataa. Wiki haikupita kabla Kendi hajarudi na pakiti ya dawa ya kolestro, simvastatini, na ujumbe kutoka kwa mumewe kwamba mama ameze kimoja kila jioni bila kukosa. Kila mwezi pakiti nyingine ilikuja.

Muthomi si mtu mbaya, na hapo ndipo hasira inapokosa pa kukaa. Ni kijana mwenye adabu kuliko wengi. Kwao Kiirua alifunzwa vizuri kwamba mama mkwe ni muthoni, mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Hampi mkono. Hamtazami usoni. Akija Githongo huketi sebuleni na Kathure hubaki jikoni, na maneno yao hupita kwa Kendi: mwambie mama habari, mwambie baba watoto karibu chai. Leo vijana wengi wameyaacha hayo, lakini Muthomi alijivunia kutoyaacha, na Kathure naye alijivunia mkwe wa namna hiyo mbele ya wamama wenzake. Sasa mtu kama huyo amuulize mkwewe, mama, kuna dawa nyingine unayomeza? Nyama za mwili zinauma? Mkojo una rangi gani? Afadhali angeambiwa avue shati sokoni. Mgeni yeyote aliyeingia kemisti yake aliulizwa maswali hayo kabla ya kupewa dawa ile. Mama mkwe hakuulizwa hata moja.

Na Kathure alifanya nini? Alimeza. Dawa ya mkwe ni zawadi ya mkwe, na zawadi ya mkwe haikaguliwi wala hairudishwi. Zahanati, muuguzi alipomuuliza kama kawaida iwapo ana dawa nyingine anazotumia, alijibu hana. Muuguzi yule alikuwa na tabia ya kuwafokea wanaonunua dawa huku na kule, na Kathure hakuwa tayari kulisikia jina la mkwewe likitafunwa mbele ya foleni. Basi kila mtu alikuwa na adabu. Adabu ilijaa kutoka Githongo hadi Kiirua, na katikati yake mwanamke mmoja alikuwa akiliwa nyama za mwili wake akiwa hai.

Hali ilizidi. Ikafika mahali hakuweza kuchuchumaa chooni, kwa maana choo cha shimo kinataka mapaja kuliko hata kahawa. Alichukua beseni la zamani akalitumia chumbani, kwa siri na kwa uchungu mwingi, na ndiyo maana aliona kitu ambacho asingekiona kamwe gizani mwa shimo. Mkojo wake ulikuwa mweusi, mweusi kama chai isiyo na maziwa. Kisha akampigia Kendi simu, akamwambia wazi.

Kendi alimwambia mama yake kwamba anywe maji mengi, na kwamba Jumamosi yeye na Muthomi wangekuja, na kwamba angempeleka hospitali polepole wakishapumzika. Kathure akamwambia amuulize mumewe sasa hivi, si yuko hapo dukani.

"Mama, hiyo siwezi," Kendi alisema. "Nitaanzia wapi kumwambia Muthomi habari za mkojo wako?"

Kathure alikata simu. Jioni ile alimeza dawa ya mkwe kama kawaida, na asubuhi akameza ya presha, na Jumamosi ilipofika alikuwa akitembea kwa kushika viti.

Walikuja mchana. Muthomi alisimama mlangoni ameshika kofia mkononi, akasalimu "Muga" akiitazama sakafu, na Kathure akamjibu kutoka jikoni bila kutokeza kichwa. Mutembei naye alikuja, amevaa shati la kutokea, na hilo lilimtia mama yake wasiwasi. Jikoni kwa Kathure ni kwa mbao, na mbao zina nyufa. Aliketi kwenye kigoda karibu na moto, maziwa yakichemka, akasikia kila neno kutoka sebuleni. Mutembei alikuwa akimweleza shemeji yake kwa utulivu kwamba mama ameisha miguu, kwamba vijana wa kung'oa mashina wamekwisha kutafutwa na wataanza Jumatatu, na kwamba angependa watu wa familia wakubaliane ili mama asiumie moyo. Kisha sauti ya Muthomi ikaja, laini, yenye adabu.

"Ni sawa tu. Wazazi wakifika umri huo wanafaa kupumzika."

Kathure aliinua kifuniko cha mkebe wa majani ya chai. Alitoa pakiti ya majani, na chini yake akaona ile dawa ya presha aliyoificha, na juu ya rafu, pembeni ya chumvi, iko ile ya mkwe ambayo haikuhitaji kufichwa. Akazitazama zote mbili. Hasira ikimshika mtu hupofuka, lakini Kathure hasira ilimfungua macho. Kahawa nimechuma miaka yote, aliwaza, na haikuniuma. Ya presha nimemeza mwaka mzima, na haikuniuma. Mapaja yalianza kuuma lini? Hayakuanza Oktoba. Yalianza kabla, wakati wa kupalilia, akadhani ni jembe. Kitu kipya kilichoingia mwilini mwake kabla ya hapo kilikuwa kimoja tu.

Alijua pia kitakachotokea akiingia sebuleni na pakiti zote mbili. Mutembei angeona ya presha. Siri aliyoitunza mwaka mzima kwa ajili ya kahawa ingekuwa mezani mwa yule yule anayetaka kuing'oa. Kathure alifikiri juu ya hilo kwa muda wa maziwa kufura na kumwagika motoni. Kisha akaziweka pakiti kwenye mfuko wa aproni, akashika ukuta, akaenda.

Kendi alimwona kwanza, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, kuna mkwe."

"Najua kuna mkwe."

Muthomi alikuwa amekwisha kusimama, uso umegeukia dirisha. Kathure hakuketi kwenye kiti cha pembeni. Aliketi kwenye kiti kilichomtazama mkwewe, akamwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya mahari.

"Muthomi, keti. Nitasema mara moja. Kama kuna faini ya kuvunja heshima, nitailipa mimi."

Muthomi aliketi. Kathure alitoa pakiti ya kwanza akaiweka mezani.

"Hii ni ya presha. Nimepewa zahanati. Ndiyo, Mutembei, niko na presha, funga mdomo." Akatoa ya pili. "Hii ni yako. Tangu uanze kuniletea, mapaja yangu yamekataa kuniinua kutoka chooni. Na mkojo wangu umekuwa mweusi. Sasa niambie ni uzee."

Mutembei aliitazama dari ambayo aliijenga mwenyewe. Kendi alijifunika mdomo kwa leso. Muthomi aliichukua ile ya presha akasoma jina, akaichukua yake mwenyewe akaisoma pia, ingawa hakuwa na haja ya kuisoma, na uso wake ukabadilika. Ndipo alipofanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Aliinua kichwa akamtazama mama mkwe wake machoni.

"Mkojo umekuwa hivyo tangu lini?"

"Tangu juzi ya juzi."

"Na umeendelea kumeza hii?"

"Si ulisema bila kukosa?"

Muthomi aliisukuma pakiti yake mbali kama kitu kinachouma. Alisema asimeze tena hata kimoja, na kwamba wanaondoka kwenda hospitali sasa hivi. Kendi alianza kusema chai iko tayari, mumewe akamwambia awashe gari.

Ni njiani ndipo Kathure alipoambiwa yote, yeye kiti cha mbele, mkwewe nyuma yake, Kendi akiendesha huku machozi yanamtoka. Dawa zile mbili, Muthomi alieleza, zote husafishwa na ini. Ya presha ikiwepo hulizuia ini kuisafisha ile ya kolestro inavyopaswa, basi ya kolestro hubaki kwenye damu na kujaa. Ikiwa ni ya nguvu ndogo, wengi hawapati shida. Lakini yeye alikuwa amempa kidonge cha nguvu nyingi kwa kuwa kolestro ilikuwa juu, kipimo ambacho mtu anayemeza amlodipini hapewi. Ikijaa hivyo huanza kuharibu misuli. Misuli ikivunjika takataka zake hushuka kwenye figo, na ndizo zinazoupaka mkojo rangi, na figo zikizidiwa huziba. Mfamasia yeyote anayajua hayo. Muthomi aliyajua vizuri kiasi cha kuweza kumfundisha mwingine.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," Kathure alisema bila kugeuka.

"Habari za dawa nilijua. Habari zako sikujua."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Mama, ningeuliza namna gani? Wewe ni muthoni wangu."

"Basi ungenizika ukiwa umeinamisha kichwa."

Muthomi angejibu, Kathure angemtupa nje ya gari.

Hospitalini walikutana na Daktari Igoki, mwanamke mfupi mwenye haraka, ambaye aliuliza maswali yote bila aibu na kuandika majibu bila kuinua nyusi. Alipima damu, akasema figo zimeumia lakini hazijakufa, akamwekea Kathure maji ya mshipani na kumlaza. Kathure aliyapokea maji, lakini dawa aliikataa. Alisema amemaliza na vidonge vyote, vya presha na vya mafuta, na kwamba akirudi nyumbani vyote vinaenda chooni pamoja na beseni. Daktari alimwacha aseme yote, hata ya Mutembei na avokado zake, hadi akaishiwa pumzi.

"Hii ya presha haina kosa," alimwambia. "Ukiiacha, presha itapanda na utapata kiharusi, na kiharusi hakitakuumiza mapaja. Kitachukua mguu mzima na mkono wake. Hapo mtoto wako apande avokado hadi kitandani kwako."

Hiyo lugha Kathure aliielewa. Alimeza ya presha siku ile ile. Ya kolestro, daktari alisema, ingengoja hadi damu itulie na misuli ipone, kisha angempa aina nyingine isiyogombana na amlodipini, kwa kiasi kidogo, na akihisi maumivu ya nyama aje siku hiyo hiyo, asingoje Jumamosi ya mtu. Na popote atakapotibiwa, iwe zahanati, kemisti au kwa mwenye kuchemsha mizizi, abebe dawa zote na aziweke mezani. Kathure alikubali kwa kichwa. Usiku ule hasira yake iliwazungukia wote mmoja baada ya mwingine, Kendi, Muthomi, muuguzi wa zahanati, na ilipomaliza nao ikamrudia yeye mwenyewe, na hapo ilikaa kwa muda. Mficha maradhi kifo humuumbua. Alikuwa ameusema msemo huo kwa watu wengine mara nyingi.

Muthomi alikuja kumwona kila alipofunga duka, akasimama mguuni pa kitanda, kofia mkononi. Kathure alimvumilia hivyo kwa muda, kisha akachoka.

"Utaniletea mbuzi," alimwambia.

"Nitaleta, Mama. Nilikuvunjia heshima."

"Hukuivunja. Ungeivunja nisingekuwa hapa." Alijisogeza kwenye mto. "Mbuzi ni wa kufungua mdomo. Tukishamla, utaniuliza chochote unachomuuliza mgonjwa yeyote, na mimi nitakujibu. Hata cha mkojo."

Muthomi alisema atatafuta dume jeupe. Kathure alisema rangi haimhusu, awe mnono.

Mutembei alikuja mara moja tu mwanzoni, kisha akaacha. Kendi alisema ana kazi nyingi za ujenzi. Kathure hakuuliza, na alipaswa kuuliza, kwani kuuliza si ujinga, na yeye ndiye aliyekuwa akilihubiri hilo wodini.

Siku aliyoruhusiwa, mkojo wake ulikuwa safi na mapaja yalikuwa yanauma kidogo tu. Alitembea mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye gari. Walifika Githongo jua likizama, akaingia ndani, akanywa uji, akalala. Asubuhi aliamka mapema, akafungua mlango wa nyuma kutazama kahawa yake.

Tuta la juu halikuwepo. Yaani udongo ulikuwepo, lakini mashina yalilala ubavuni, mizizi juu, majani yamenyauka, na kwenye matawi mengine bado kulikuwa na kahawa nyekundu ambayo hakuna aliyejali kuichuma kwanza, imekauka ikawa nyeusi. Yalikuwa mashina ya karibu na nyumba, yale ya kwanza kabisa, ya mwaka wa arusi. Kathure alishuka hatua chache akashika shina moja kwa mzizi wake. Hasira aliyokuwa nayo maisha yake yote, ya kuku na kunguru na mvua, ilikuwa mchezo. Hii ilimjaa hadi kwenye meno. Alitaka kulia na akakataa kulia.

Hakupiga kelele. Alimtuma jirani yake Veronicah, aliyekuwa anapita na ndoo, amwite Mutembei, na Mutembei alipokuja akakuta mama yake yuko kimya, aliogopa kuliko kama angemkuta anafoka. Alianza kusema haraka haraka. Vijana walikuwa wamekwisha kuahidiwa kazi. Yeye aliambiwa figo za mama zimeharibika. Presha nayo ilikuwepo. Alidhani hatarudi na nguvu za kahawa, na alipoambiwa anapona alisimamisha kazi, ndiyo maana lilienda tuta moja tu.

"Ulidhani," Kathure alisema. "Hospitali iko pale. Ungeuliza."

Akamwambia akalete jembe. Mutembei aliuliza jembe la nini. Kisha akaenda, akalileta. Kathure aliketi juu ya shina lililolala, kwa kuwa mapaja yalikuwa bado hayajarudi kamili, akamwonyesha kwa kidole mahali shimo la kwanza lilipokuwa, yeye alikuwa anapakumbuka, na akamwambia achimbe hapo, kisha pale, kisha pale, hadi mwisho wa tuta. Miche angeinunua Mutembei mwenyewe, na angeipanda mwenyewe, na samadi ingetoka kwenye zizi lake. Mutembei alivua shati. Aliinua jembe, akalishusha, akalisimamisha.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "kahawa mpya haizai kabla ya mwaka wa tatu. Unajua."

Kathure aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Alitoa pakiti ya dawa ya presha, ile aliyoificha mwaka mzima chini ya majani ya chai ili mtu huyu asiione. Akatoa kidonge cha asubuhi, akakiweka mkononi mahali Mutembei angekiona vizuri, akamwomba Veronicah maji kidogo kutoka kwenye ndoo. Akameza, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Chimba," alisema. "Nitakuwepo."